Tangazo la Lambo, na Kuku Aliyekwenda kwa Bi. Tausi

Mlianzia kwa Bi. Tausi. Msinibishie. Kijana wa bodaboda aliyewaleta hapa ndiye aliyewachomea kwangu, wala hakujua kama ananiumiza: "Mzee, hawa wageni wako nimewatoa kwa yule bibi wa vifo. Wamekaa kule tangu asubuhi, na chai wamekunywa." Kwangu mmekuja jua limeshapanda, mmeshiba, mnapiga miayo. Haya, kaeni. Chai ipo, ingawa najua ya kwake ilikuwa na tangawizi.

Mnataka kujua kazi ya habari ilikuwaje kabla ya haya makundi yenu ya simu. Nitawaambia. Ila nilitoe moja kwanza, lisije likanikaba: nimetangaza redioni hapa Tabora mpaka nikastaafu, na muda wote huo nilimwonea wivu mwanamke mmoja. Siyo wivu wa mapenzi, mke wangu yuko hapo jikoni na anasikia. Wivu wa kazi. Ule wa kumwambia mtu "hongera sana" huku unaomba sauti imkauke.

Redio yetu ilikuwa ndogo, si mbali na stesheni. Treni ikipiga honi tulikuwa tunanyamaza mpaka ipite, kwa sababu kuta zenyewe zilikuwa nyembamba. Mimi, Polikarpo, nilikuwa mtu wa habari za mkoa. Nilivaa tai. Nilikwenda baraza la madiwani, vikao vya maji, vikao vya shule, mikutano ya wakulima wa tumbaku, nikarudi na vumbi mpaka kwenye nyusi, nikaandika, nikasoma mchana baada ya adhuhuri. Habari safi, zenye takwimu na vyeo vya watu.

Na kabla yangu tu, kwenye kiti hichohicho, alikaa Bi. Tausi na kusoma matangazo ya vifo.

Hakuwahi kwenda kikao chochote. Watu ndio waliomfuata yeye, na vikaratasi vyao, macho mekundu. Anaingia na kanga yake, anavaa miwani, anakohoa kidogo, halafu anaanza. Fulani wa Ipuli anasikitika kutangaza kifo cha mama yake mzazi, mazishi ni kesho. "Habari hizi zimfikie kaka wa marehemu aliyeko Urambo. Zimfikie shangazi yake aliyeko Kaliua. Ziwafikie wajukuu walioko Nzega, na ndugu, jamaa na marafiki, popote walipo." Basi. Hiyo ndiyo kazi yake yote.

Mji mzima ulikuwa unanyamaza. Nisikilizeni, mji mzima! Wanaocheza bao wanasimamisha kete. Sokoni wauza dagaa wanashushiana sauti. Palikuwa na duka la vipuri vya baiskeli, mwenyewe Mhindi, Bwana Jayanti tulimwita, mtu mpole. Redio yake ilikaa kaunta. Siku moja nimekwenda kununua mpira wa ndani, nikiwa na likizo, mwenzangu ananishikia habari. Akaanza Bi. Tausi, Bwana Jayanti akaongeza sauti, akaacha hata kunihudumia. Alipomaliza, ikaingia ile ngoma ya kufungulia habari, ngoma yangu mimi, niliyoichagua mwenyewe. Bwana Jayanti akanyoosha mkono, akapunguza mpaka ikawa kama mbu. "Sasa nikusaidie nini, Bwana Polikarpo?" Nilinunua ule mpira nikaondoka bila kuomba chenji.

Nilijiambia watu wanapenda misiba tu, hawana akili ya mambo ya maana. Mwenye wivu hakosi maelezo.

Kuna wakati Bi. Tausi aliugua, nikapewa vifo nivisome mimi. Nikasema leo ndiyo leo, watasikia sauti yenyewe. Nikavisoma kwa mwendo wa habari, harakaharaka, kila jina likipanda juu ya mwenzake. Jina moja la Kinyamwezi nililikanyaga vibaya sana. Hata sijatoka studio, familia nzima iko mapokezi. Mzee mmoja akaniambia, taratibu kabisa, "Mwanangu, umemzika mtu tusiyemjua."

Bi. Tausi aliporudi aliniambia anavyofanya. Hakunicheka, na hilo liliniudhi zaidi. Alisema, "Mimi mtu akileta karatasi, sisomi karatasi. Namwambia alitamke jina la marehemu. Nalirudia mbele yake mpaka atikise kichwa. Halafu nampigia mjumbe wao wa nyumba kumi nihakikishe msiba upo kweli. Na hao wa kufikiwa nawasoma polepole kuliko marehemu, maana marehemu hanisikii."

Shikeni hilo. Nyie mnasambaza habari ya mtu kabla hamjajua hata jina lake linatamkwaje, halafu jioni mnaomba radhi kwa katuni ya kulia.

Mhariri wetu aliitwa Bwana Method. Mtu wa sheria moja: habari ni jambo lililotokea. Kikao kikifanyika, andika. Hakijafanyika, huna habari, una tetesi. Na habari inaanza na mkubwa kuliko wote aliyekuwepo, halafu anayemfuata, mpaka unafika kwa wananchi kama muda umebaki. Nami nilikuwa mwanafunzi wake hodari. Nilikuwa naweza kusoma habari nzima ya maji bila kumtaja mtu hata mmoja anayeyanywa.

Sasa, lambo, yaani lile bwawa la kuchimbwa.

Kuna kijiji kimoja kando ya reli, kabla hujafika Kaliua. Jina lake nalihifadhi, wenyewe bado wapo. Nilitumwa huko kwenye ufunguzi wa darasa. Wanahabari wenzangu walikuwa wanakuja na msafara wa mgeni rasmi, wanakula naye, wanaondoka naye. Mimi redio yetu haikuwa na gari, nikatangulia na treni, nikafika mapema, mtu mzima peke yangu na tai yangu na kinasa sauti begani. Mgeni rasmi hajafika. Nikashuka lamboni kunawa uso.

Pale nikamkuta mama mmoja anachota, wanamwita Mama Shija. "Mwangaluka," nikamwamkia kwa Kinyamwezi changu cha kuungaunga. Akaitikia, akanitazama ile tai, akacheka mpaka akatua ndoo. Tukapiga soga. Akanionyesha: hapa wanawake wanachota, kule ng'ombe wa Mzee Ngassa wanakunywa, pale bustani za mchicha za kikundi chao. Kiangazi, alisema, lambo hili ndilo kijiji. Likikauka hili, watu wanahama.

Nikapanda ofisi ya kijiji kutia saini kitabu cha wageni. Mtendaji akaufungua mlango, nikaingia, upepo ukaurudisha, na nyuma ya mlango, upande wa ndani, nikauona ubao wa matangazo. Nyuma ya mlango! Mlango ukiwa wazi unauziba, ukifungwa, ufunguo anao mtendaji. Limebandikwa tangazo la mkutano mkuu wa kijiji, Jumamosi inayofuata. Siku ya mnada, wanaume wote wako na mifugo yao. Ajenda zikateremka, teremka, mpaka chini kabisa kwenye mengineyo: maombi ya tajiri mmoja wa mjini kukodishiwa lambo na eneo lake, na kulizungushia uzio.

Nikarudi kwa Mama Shija. Nikamuuliza, Jumamosi mna nini? "Mnada," akasema. Na mkutano? "Mkutano gani?"

Alipoelewa aliinamisha kichwa. Akasema, "Watapitisha wenyewe. Halafu tutaambiwa tulikuwepo."

Nilirudi Tabora naungua. Nikampelekea Bwana Method. Akanisikiliza, akavua miwani. "Mkutano umefanyika?"

"Bado, ni Jumamosi."

"Basi Jumamosi ukifanyika, leta habari."

"Bwana Method, ukishafanyika lambo limekwenda!"

"Ndiyo habari hiyo sasa," akasema. "Wananchi wapoteza lambo. Nzuri sana. Nenda nayo."

Msimlaumu, ndivyo alivyofundishwa. Na mimi ndivyo nilivyokuwa nimefundisha wengine. Lakini safari hiyo nilimwona yule mama na ndoo yake, nikashindwa kutulia.

Nikameza wivu wangu wote nikamfuata Bi. Tausi. Nikamwomba aliingize lambo katikati ya vifo vyake, maana pale ndipo watu wanaposikiliza. Akakataa palepale.

"Polikarpo, hapana. Watu wananiamini kwa sababu nasema kitu kimoja tu. Leo nikichomeka lambo, kesho nikisoma kifo watajiuliza natafuta nini."

"Kwa hiyo lambo liende?"

"Una kipindi chako. Kiko nyuma ya changu. Wakamate kabla hawajapunguza redio."

Wakamate! Kama kuku! Nilitoka pale nimenuna, na kwa kununa kwangu huko ndipo nikapata wazo. Nikasema moyoni, vizuri, kama hutaki kunipa nafasi yako, nitachukua maneno yako.

Alhamisi mchana Bi. Tausi akamaliza, akainuka. Mimi nikaketi kiti kikiwa bado cha moto. Nikamkataza fundi mitambo asipige ngoma ya habari. Kimya. Nikakohoa kidogo, kama yeye. Nikasoma polepole, kama yeye: kwamba wakazi wa kijiji fulani wanatangaziwa kuwa Jumamosi, ofisini kwao, lambo lao litazungumzwa, kwamba likikubaliwa litazungushiwa uzio, na kwamba bila wao kukubali haliwezi kukodishwa. "Habari hizi zimfikie Mama Shija, anayechota maji pale. Zimfikie Mzee Ngassa, mwenye ng'ombe wanaokunywa pale. Ziwafikie akina mama wa bustani, na watoto wa kijiji hicho walioko Tabora mjini, Urambo na Kaliua, na ndugu, jamaa na marafiki, popote walipo."

Bwana Method alikuwa amesimama nje ya kioo, mikono kichwani. Ijumaa nikasoma tena. Alikuwa amenikataza, lakini fundi mitambo alikuwa shemeji yangu.

Jumamosi nikapanda treni. Sasa sikieni vituko.

Nafika kijijini, nakuta watu wamejaa hadi barabarani. Nikafurahi, nikasema Polikarpo, umeweza. Nikasogea karibu. Mbona akina mama wamejifunga kanga viunoni? Mbona wanashusha mikeka? Mbona kuna sufuria kubwa, na kuni, na unga kwenye debe? Kijana mmoja aliyetoka Urambo na baiskeli akanishika mkono kwa huzuni. "Pole sana, mzee. Hivi marehemu ni nani?"

Mungu wangu. Nusu ya watu walikuwa wamekuja msibani.

Walikuwa wamesikia saa ileile, mwendo uleule, "habari hizi zimfikie," jina la ndugu yao likatajwa. Mwingine alikuwa anafungua redio ndiyo kwanza anasikia mwisho wake. Basi, nani atauliza? Mtu akishasikia hivyo anafunga safari. Wanaume wa mnadani waliacha ng'ombe kwa jirani. Kuna mzee alikuwa ameshaanza kupitisha kofia ya rambirambi. Mama Shija alikuwa katikati yao, anazunguka, anamwambia huyu, anamwambia yule: "Hajafa mtu. Ni lambo. Kaeni hivyohivyo, msiondoke, ni lambo."

Na hawakuondoka. Hapo ndipo mjue watu wetu. Mkutano wa kijiji mtu anachungulia, akiona maneno yanarefuka anakwenda zake. Msibani hakuna anayeondoka mapema, ni aibu. Mwenyekiti alipouona ule umati alianza kuuchosha. Akasoma taarifa ya choo cha shule. Akasoma taarifa ya usafi. Akarudia taarifa ya choo. Jua likawaka. Akina mama wakakoroga ugali, wakagawa, watu wakala, wakatulia kwenye mikeka wakimtazama. Akaishiwa taarifa. Yakabaki mengineyo.

Mzee Ngassa akasimama, akauliza jambo moja tu, uzio utakuwa na mlango upande gani. Mwenyekiti akamtazama mtendaji, mtendaji akamtazama tajiri, tajiri akatazama viatu vyake. Uzio haukuwa na mlango. Ilipofika kunyoosha mikono, wakakataa wote, hata walioolewa kwingine, mpaka mwenyekiti ikabidi awaombe wageni washushe mikono wabaki wenyeji. Wakabaki wenyeji, na bado wakakataa. Ubao nao waliutoa nyuma ya mlango siku hiyohiyo, wakaupigilia ukutani nje, mbele ya mtendaji.

Nilirudi Tabora nimekaa dirishani kama bwana harusi. Nikangoja sifa.

Jumatano ujumbe ukaja redioni kutoka kijijini, Mama Shija mwenyewe na wenzake wawili, na jogoo mwekundu, mkubwa, miguu imefungwa kwa kitambaa. Nikaweka tai sawa nikatoka. Mama Shija akanisalimia vizuri sana. Akauliza, "Bi. Tausi yupo?"

Nikasema, Bi. Tausi wa nini?

"Tumemletea kuku wake. Lile tangazo lake la lambo limetuokoa."

Tangazo lake! Sauti niliyosoma ni ya kiume! Nikajaribu kueleza. Wakanitazama kwa huruma, wakasema tunajua na wewe ulisaidia. Bi. Tausi akatoka, akapokea jogoo kwa mikono miwili, akawashukuru, akamweka kwapani, akaenda naye kwake. Sikupata hata kipapatio. Miaka imepita, mpaka leo nikipita nje ya nyumba ya mtu nikasikia harufu ya kuku wa mchuzi, namkumbuka yule jogoo.

Bwana Method hakunifukuza. Alinipa zile dakika za baada ya vifo ziwe zangu kabisa, akaziita Ziwafikie, na akajisifu kwa watu kwamba wazo ni lake. Nalo hilo nilimpa hongera sana.

Sasa nyie. Mimi nimo kwenye kundi lenu la mtaa, mjukuu wangu aliniingiza. Nasoma. Nawaonea wivu pia, nisiwafiche. Mimi nilipanda treni na kupigana na mhariri ili kumfikia Mama Shija mmoja. Nyie mnagusa kwa kidole, simu za mtaa mzima zinalia mifukoni. Ningekuwa na kitu hicho! Halafu mnakitumia kwa nini? Asubuhi njema, ua. Mchana mwema, ua lingine. Halafu picha ya mkutano: "Mkutano wetu wa leo ulifana sana." Nakuza picha, naona watu wachache wamekaa mbalimbali na viti vitupu. Mmeniambia ulifana. Hamkuniambia mapema kwamba upo. Na yule jirani yangu mjane, simu yake ya kitochi, wala picha haioni. Kamati ya zahanati imechaguliwa hivyo, juzijuzi. Sasa analalamika dawa hakuna, anauliza nani wanasimamia, na hakuna anayemjua hata mmoja.

Mliponiomba mje, kabla sijakubali, nilikwenda kwa Bi. Tausi. Nilijua mtaanzia kwake, nilitaka kujua atawaambia nini. Nikamkuta anabangua karanga, macho yamepungua nguvu. "Shikamoo, dada." Akaitikia marahaba ndefu, maana anajua inanigharimu.

"Vijana wanakuja kukuuliza habari," nikamwambia. "Usijitwalie lambo."

Akacheka mpaka karanga zikamwagika. "Polikarpo, wivu bado tu?"

"Bado. Mji mzima ulikusikiliza wewe. Mimi walinipunguza sauti."

Akaacha kubangua. Akasema, "Unajua nilikuwa nawaambia nini? Mambo yaliyokwisha. Mtu akinisikia anakuja kulia, hana la kufanya tena. Na wewe habari zako ulizisoma vilevile miaka yote, kikao kimekwisha, kimeshaamua, kazikeni. Siku ile ya lambo ndiyo siku pekee nilimsikia mtu anasema ziwafikie, na bado mgonjwa anapumua. Nilikuwa nimesimama nyuma ya kioo na Method. Nilikuonea wivu, ndugu yangu, nikashindwa kula usiku."

Mimi! Kuonewa wivu na Tausi!

"Unafikiri kwa nini yule jogoo nilimla peke yangu?" akasema.

Hilo hakuwaambieni asubuhi, sivyo? Naona nyuso zenu, hakuwaambia. Basi hilo ni langu. Ingawa maneno ni yake, na nimeyazunguka wiki nzima nikitafuta ya kwangu yaliyo mazuri zaidi, nimekosa.

Haya, kunyweni chai itapoa. Mkitoka hapa piteni ofisi ya mtaa, msiishie mlangoni, tazameni ubao. Kuna mkutano Jumapili, baada ya ibada, na kwenye mengineyo wameweka kile kiwanja watoto wanachochezea mpira. Kwenye kundi lenu hakipo, nimetazama asubuhi hii, kuna maua. Andikeni leo. Andikeni majina ya wanaohusika, polepole, na wa simu za kitochi muwapigie au muwafuate. Watu wakija na sufuria, waacheni.

Na mkiulizwa mlifundishwa na nani, semeni Polikarpo. Nyumba ni hii hapa, mlango wa bluu, mwelekezeni vizuri atakayekuja na kuku.